Daftari la Kazi za Nyumbani ni Sehemu ya Tiba: Ushauri kwa Mwanafunzi wa Sekondari Anayeishi na Selimundu

Wiki mbili kabla ya mitihani ya muhula, binti mwenye umri wa miaka 16, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, alilazwa katika wodi yetu kwa mara ya tatu ndani ya miezi minne. Anaishi na ugonjwa wa selimundu, na safari hii maumivu yalikuwa ya mgongo na miguu yote miwili. Siku ya pili, nilipopita wodini asubuhi, nilimkuta ameketi kitandani, dripu ikiwa mkono wa kushoto, na madaftari saba yametandazwa juu ya shuka. Aliniamkia, kisha akaniuliza swali moja tu: "Daktari, nitaruhusiwa kabla ya Alhamisi? Nina kazi ya Kemia ya kukusanya."

Nilimjibu kama tujibuvyo wengi wetu: apumzike kwanza, masomo yatafuata. Muuguzi wa zamu hakuridhika na jibu langu. Aliketi kando ya kitanda na kumuuliza, "Mwanangu, nyumbani unalala saa ngapi?" Binti akasema kuwa hulala saa nane usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi shule. Kila alipotoka hospitali alikuta kazi za wiki nzima zikimsubiri, naye hakutaka walimu wamwone mvivu. Muuguzi akauliza pia kuhusu maji. Binti akainamisha kichwa, akaeleza kuwa akiwa shuleni hanywi maji mpaka saa tisa alasiri, kwa kuwa amechoka kuomba ruhusa ya kwenda chooni mbele ya darasa zima.

Nilikuwa nimemhudumia mgonjwa huyu kwa miaka mitatu. Nilikijua kiwango cha damu yake, dozi ya dawa zake na tarehe alizowahi kulazwa. Sikuwa nimemuuliza hata mara moja jinsi anavyozifanya kazi zake za shule. Makala hii imetokana na maswali ya muuguzi yule. Inawahusu wanafunzi wa sekondari wanaoishi na selimundu, wazazi na walimu wao, na sisi tunaowahudumia kliniki. Hoja yake ni moja: kwa mwanafunzi mwenye ugonjwa wa muda mrefu, utaratibu wa kufanya kazi za shule ni sehemu ya tiba, nao unastahili kuulizwa, kupangwa na kufuatiliwa kama tunavyofuatilia dawa.

Ugonjwa wenyewe kwa ufupi

Selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto huupata anaporithi kutoka kwa baba na mama vinasaba vinavyotengeneza himoglobini isiyo ya kawaida. Himoglobini ndiyo inayobeba hewa ya oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Oksijeni inapopungua, himoglobini hiyo hujishikamanisha na kuifanya chembe ipinde mfano wa mundu, iwe ngumu na yenye kunata. Chembe hizo huziba mishipa midogo ya damu, na sehemu ya mwili iliyokosa damu huuma vikali. Aidha, chembe nyekundu ya kawaida huishi takribani siku 120, ilhali ya mgonjwa wa selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana wagonjwa wengi huwa na upungufu wa damu wakati wote, na uchovu wao si wa kuigiza.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu. Inakadiriwa kuwa ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Zamani wengi walifariki kabla ya kufikisha miaka mitano. Leo, kutokana na kugunduliwa mapema, chanjo, dawa za kuzuia maambukizi na malaria, na dawa ya haidroksiyurea, idadi ya wanaovuka utoto inaongezeka. Utafiti uliofanyika Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa haidroksiyurea hupunguza maumivu, mahitaji ya kuongezewa damu na vifo kwa watoto wa Afrika.

Mafanikio hayo yametuletea jukumu jipya. Mtoto aliyeokolewa akiwa na miaka miwili sasa yuko Kidato cha Pili, ana masomo tisa, na mtihani wa taifa uko mbele yake. Tumejifunza kumtunza ili aishi. Hatuna budi kujifunza pia kumsaidia asome.

Mzunguko unaoanza na daftari

Mambo yanayochochea shambulio la maumivu yanajulikana: maambukizi, upungufu wa maji mwilini, baridi, uchovu na msongo wa mawazo. Hebu tuyatazame maisha ya mwanafunzi aliyetoka wodini jana. Ana deni la kazi za masomo saba, hivyo anakesha. Anakaa muda mrefu kwenye baridi ya usiku bila kunywa maji. Anaogopa adhabu. Anaamka akiwa amelala saa tatu tu. Vichocheo vinne kati ya vitano vimekutana katika usiku mmoja, na chanzo chake ni madaftari.

Shambulio likija, anakosa shule tena. Deni linakua, mkesha unarefuka, na mwili unazidi kudhoofika. Tafiti zimeonyesha kuwa uhusiano kati ya usingizi na maumivu kwa wagonjwa wa selimundu una pande mbili: maumivu huharibu usingizi, na usingizi mbaya hutangulia maumivu. Baadhi yao pia hupungukiwa oksijeni wanapolala, hasa wanaokoroma sana. Kwa kijana wa miaka 13 hadi 18, wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 za kulala kila usiku. Ni vigumu kwa kijana yeyote kulitimiza pendekezo hilo, kwa kuwa katika umri wa balehe mwili huchelewa kutoa melatonini, homoni inayoleta usingizi, na hivyo hamu ya kulala huja usiku zaidi. Kwa mwenye selimundu, kutolitimiza kuna gharama kubwa zaidi.

Kwa hiyo tunapomwambia mgonjwa "usichoke, usikeshe, usiwe na mawazo," tumempa agizo lisilotekelezeka. Hawezi kuacha kukesha mpaka kazi zake zipate mpangilio unaomruhusu kulala.

Si uvivu

Mzazi mmoja aliwahi kuniambia kuwa mwanawe ana akili lakini "hajipangi": anasahau daftari shuleni, anaanza kazi tatu bila kumaliza hata moja, anakumbuka zoezi la Hisabati usiku akiwa kitandani. Maneno hayo yanapaswa kusikilizwa kwa makini.

Kwanza, uwezo wa kupanga, kukumbuka hatua na kugawa muda hutegemea sehemu ya mbele ya ubongo, na sehemu hiyo huendelea kukomaa mpaka mtu anapofikia miaka ya ishirini na kitu. Hata kijana mwenye afya njema hajawa mpangaji kamili akiwa Kidato cha Tatu.

Pili, selimundu inaweza kuuathiri ubongo wenyewe. Licha ya kiharusi kinacholeta ulemavu unaoonekana, kuna kile tunachokiita kiharusi kimya: eneo dogo la ubongo hukosa damu na kuumia bila mkono kupooza wala mdomo kupinda. Kwa wenye aina kali ya ugonjwa, takribani mtoto mmoja kati ya watatu huwa amepata majeraha ya namna hiyo kabla ya utu uzima. Dalili zake huweza kuwa hizo hizo zinazoitwa uvivu: umakini mfupi, kusahau, kushindwa kufuata hatua za kazi ndefu. Mwanafunzi ambaye alama zake zimeshuka ghafla, au ambaye amebadilika katika kukumbuka na kujipanga, apelekwe kliniki akapimwe. Asianze kwa kuchapwa.

Tatu, upungufu wa damu na maumivu hupunguza nguvu ya kufikiri. Mwanafunzi mwenye kiwango cha damu cha gramu 7 kwa desilita huchoka kabla ya wenzake, hata kama wote wamekaa kwenye dawati moja.

Hata hivyo, lolote kati ya hayo lisichukuliwe kuwa hukumu. Historia ya ugonjwa huu katika vitabu vya tiba inaanza na mwanafunzi. Mwaka 1910, daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, alichapisha maelezo ya kijana ambaye chembe zake za damu zilionekana zimepinda mfano wa mundu. Kijana huyo, Walter Clement Noel, alikuwa ametoka kisiwa cha Grenada kwenda Chicago kusomea udaktari wa meno. Aliugua mara kwa mara katika miaka ya masomo yake, na wakati huo hapakuwa na haidroksiyurea, wala mtu aliyeujua ugonjwa wake kwa jina. Alihitimu mwaka 1907, akarudi kwao, akafanya kazi ya utabibu wa meno mpaka alipofariki mwaka 1916 akiwa na umri wa miaka 32. Maisha yake yalikatizwa mapema mno, lakini shahada yake aliipata.

Daftari moja la kazi zote

Yafuatayo ni mambo tunayowafundisha wagonjwa wetu wa umri wa sekondari. Hayahitaji simu wala fedha nyingi.

Chukua daftari dogo, jembamba, linaloingia mfukoni. Hili si la somo lolote. Ni la kazi tu. Katika kila ukurasa chora safu tano: tarehe uliyopewa kazi, somo, kazi yenyewe, tarehe ya kukusanya, na alama ya kuonyesha umemaliza. Andika kazi hapo hapo darasani, kabla mwalimu hajatoka. Usiandike "Hisabati" peke yake, andika "Hisabati, ukurasa wa 48, swali la 1 hadi la 6." Kumbukumbu ya mtu yeyote hubeba mambo machache tu kwa wakati mmoja, na kichwa kinachojaribu kushika kazi za masomo tisa hakipati nafasi ya kufikiri. Karatasi ikishika orodha, kichwa kinabaki huru kufanya kazi yenyewe.

Ukifika nyumbani, kula, kunywa maji, pumzika kwa muda mfupi, kisha fungua daftari hilo. Chagua kazi zisizozidi tatu kwa jioni hiyo: inayokusanywa kesho, iliyo ngumu kuliko zote, na moja fupi. Anza na ile ngumu wakati mwili ungali na nguvu. Ikiwa nyumbani hakuna umeme au taa ni ya mafuta, kazi za kuandika zitangulie kabla ya magharibi, na zile za kukariri au kuulizana maswali zibaki kwa baadaye.

Fanya kazi kwa vipindi vya dakika 25, kisha simama dakika tano. Katika dakika hizo nyosha miguu na unywe maji. Kwa mwenye selimundu, mapumziko haya yana kazi mbili: hurejesha umakini, na huhakikisha kwamba maji yamenywewa. Simu ikae chumba kingine mpaka kipindi kiishe.

Kazi kubwa ikatwe vipande. Insha ya Kiswahili inayokusanywa Ijumaa inaweza kugawanywa hivi: Jumatatu kuandika hoja tano, Jumanne utangulizi na hoja mbili, Jumatano hoja zilizobaki, Alhamisi hitimisho na kusahihisha. Mwanafunzi wa selimundu hana uhakika wa Alhamisi. Akipata maumivu Jumatano usiku, nusu ya kazi itakuwa tayari na mwalimu ataiona. Aliyepanga kuandika yote Alhamisi atakuwa hana kitu mkononi.

Katika kujisomea, usirudie kusoma ukurasa ule ule mara nyingi. Soma mara moja kwa makini, funika kitabu, kisha jiulize na ujibu. Jaribio maarufu la wanasaikolojia Roediger na Karpicke la mwaka 2006 lilionyesha kuwa wanafunzi waliojipima baada ya kusoma walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma tu. Rudia pia kwa kuacha nafasi: leo, keshokutwa, na wiki ijayo. Dakika kumi mara tatu zinamfaa mwenye nguvu chache kuliko saa nzima ya usiku wa manane.

Mwisho, panga mkoba kabla ya kulala: madaftari ya kesho kwa kufuata ratiba, daftari la kazi, dawa, sweta na chupa ya maji. Kisha lala. Aliyelala saa tatu na nusu usiku na kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri amepata saa nane. Kazi ambayo haijamalizika kufikia saa tatu usiku iandikiwe tarehe mpya na ielezwe kwa mwalimu asubuhi. Hili ndilo agizo gumu kuliko yote, na mzazi anapaswa kulisimamia.

Siku za namna tatu

Ratiba nyingi za kujisomea hubandikwa ukutani mwezi wa Januari na kusahaulika mwezi wa Februari, kwa sababu zimepangwa kana kwamba siku zote zinafanana. Kwa mwenye selimundu, siku hazifanani. Tunawashauri wagonjwa wetu kupanga ratiba ya siku za namna tatu.

Siku njema ni ile isiyo na maumivu. Fanya kazi zako tatu, na ukimaliza mapema tanguliza kipande kimoja cha kazi ya siku zijazo. Usiitumie siku njema kulipa madeni yote kwa pigo moja, kwani siku ya namna hiyo huishia kwenye uchovu, na uchovu huleta maumivu.

Siku ya wastani ni ile yenye maumivu madogo au uchovu mwingi. Fanya kazi moja tu, ile inayokusanywa kesho. Kunywa maji zaidi, jifunike vizuri, tumia dawa ya maumivu kama ulivyoelekezwa, na lala mapema.

Siku ya maumivu haina kazi ya shule. Kazi yake ni dawa, maji, joto na kupumzika. Mpe mzazi au ndugu daftari lako la kazi ili ampelekee mwalimu taarifa. Kumbuka dalili zinazohitaji hospitali mara moja: homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, maumivu yasiyotulia kwa dawa za nyumbani, maumivu makali ya kichwa, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kushindwa kuongea vizuri, degedege, weupe wa ghafla, au uume kusimama kwa muda mrefu wenye maumivu. Vijana wa kiume huona haya kuitaja dalili hii ya mwisho. Waelezwe mapema kuwa ni ya ugonjwa na inatibika ikiwahiwa.

Kurudi shule kutoka wodini

Siku ya kwanza baada ya kuruhusiwa ndiyo yenye hatari kubwa kwa utaratibu wote. Mwanafunzi hukuta kurasa arobaini za maelezo ya kunakili na mazoezi kumi na mawili. Akijaribu kuyamaliza kwa siku tatu, tutamwona tena wodini.

Kabla hajaugua, achague rafiki mmoja wa darasani anayeandika vizuri, na mwalimu wa darasa ajue makubaliano hayo. Rafiki huyo atunze orodha ya kazi zilizotolewa na maelezo yaliyoandikwa. Panapowezekana, kurasa hizo zitolewe nakala kwa mashine badala ya kunakiliwa kwa mkono. Kunakili kurasa arobaini hakumfundishi mgonjwa kitu, na kunamchosha.

Kisha mwanafunzi, akisindikizwa na mzazi ikibidi, amwendee kila mwalimu wa somo na kuuliza: "Mwalimu, katika kazi nilizozikosa, zipi mbili ni za lazima?" Walimu wengi hulijibu swali hili kwa wema, maana wao wenyewe wanajua kuwa si kila zoezi lina uzito sawa. Kazi hizo mbili za kila somo zigawanywe katika wiki mbili, zisiwekwe zote kwenye wiki moja. Zilizobaki zifutwe kwa ruhusa ya mwalimu. Kazi iliyofutwa rasmi haimkoseshi mtu usingizi.

Wajibu wetu: kliniki, shule na nyumbani

Kwa wahudumu wenzangu, ninapendekeza maswali manne yaongezwe katika kila hudhurio la mgonjwa wa umri wa shule: Umekosa siku ngapi za shule tangu tuonane? Unalala saa ngapi na kuamka saa ngapi? Unakunywa maji na kwenda chooni bila shida ukiwa shuleni? Kazi za nyumbani unazimaliza vipi? Maswali haya huchukua dakika tatu. Majibu yake huweza kueleza kwa nini mgonjwa anayemeza dawa vizuri bado analazwa.

Aidha, tupange tarehe za kliniki kwa kutazama kalenda ya shule. Mgonjwa ambaye hali yake imetulia anaweza kupangiwa wakati wa likizo, au siku isiyo na mtihani. Tuandike pia barua fupi kwa shule, kwa lugha ambayo mwalimu ataielewa na kwa ridhaa ya mgonjwa na mzazi. Barua itaje mambo ya kutekelezwa: aruhusiwe kuwa na chupa ya maji darasani, aende chooni bila kuomba kila mara, avae sweta wakati wa baridi, asilazimishwe kukimbia mchakamchaka mpaka kuishiwa pumzi, kubeba ndoo nzito au kuoga maji baridi alfajiri, na akipata homa, mzazi ajulishwe na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu choo, walimu wafahamu kuwa hili si suala la nidhamu. Selimundu huharibu mapema uwezo wa figo kubana mkojo, hivyo mgonjwa hupoteza maji mengi na hukojoa mara nyingi hata asipokunywa. Kwa kawaida tunamshauri kijana wa sekondari anywe lita 2 hadi 3 za maji kwa siku, na zaidi wakati wa joto au homa. Mwanafunzi anayeacha kunywa maji ili asisumbue darasa hukojoa kidogo tu kuliko kawaida yake, lakini damu yake inazidi kuwa nzito.

Kwa wanafunzi wa bweni, ambao saa za kujisomea usiku hupangwa na shule, matroni au patroni aarifiwe. Mwanafunzi huyo aruhusiwe kulala mapema inapobidi, alale ndani ya chandarua chenye dawa, na dawa zake zitunzwe mahali anapozifikia bila aibu.

Kwa wazazi, nawaomba watazame mgawanyo wa kazi za nyumbani, hasa kwa mabinti. Mtoto anayeteka maji, kupika, kuosha vyombo na kumlea mdogo wake mpaka saa mbili usiku atalifungua daftari akiwa amechoka tayari. Apewe kazi nyepesi, naye aachiwe saa moja na nusu ya jioni isiyoguswa. Wazazi wajiepushe pia na upande wa pili wa kosa hilo, yaani kumfanya mgonjwa asiwe na wajibu wowote. Kijana aliyezoea kulitunza daftari lake la kazi atazitunza pia dawa zake atakapohamia kliniki ya watu wazima, ambako hakuna mama wa kumkumbusha.

Tulichokiona

Binti niliyemtaja mwanzoni aliruhusiwa Ijumaa, si Jumatano. Kazi ya Kemia ilikusanywa wiki iliyofuata kwa makubaliano na mwalimu, baada ya mama yake kupeleka barua yetu. Muuguzi alimpa daftari dogo kutoka stoo ya wodi na kumchorea safu tano katika ukurasa wa kwanza. Tulirekebisha pia dozi ya haidroksiyurea kulingana na uzito wake.

Katika mihula miwili iliyofuata alilazwa mara moja. Siwezi kudai kuwa daftari ndilo lililoleta nafuu hiyo; dawa ilikuwa imerekebishwa, na mwalimu wa darasa alikuwa amemruhusu kukaa na chupa ya maji karibu na mlango. Mambo hayo yalikwenda pamoja, na ndivyo ninavyoshauri yaende. Mtihani wa Kidato cha Nne aliufanya akiwa shuleni, siku zote za mtihani.

Siku hizi anapokuja kliniki huweka mezani vitu viwili: kadi yake na daftari la kazi. Nimejifunza kuanza na daftari. Kurasa zenye kazi nyingi zisizo na alama ya kumaliza hunionyesha wiki alizokuwa na maumivu, hata zile ambazo hakutaka kunisumbua kwa kunieleza.